Jinsi ya Kujaribu Mfumo Mwepesi wa antiX kwenye Laptopu Ndogo Bila Kugusa Diski Yake

Maswali ninayoulizwa na wenye laptopu ndogo za inchi 10 hayabadiliki: je, mashine hii bado ina kazi, je, nikijaribu Linux nitapoteza picha na nyaraka zangu, na kwa nini faili nililopakua jana limekataa kuwaka? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu, na kila mara nimesahau jambo moja au mawili. Nimeamua kuyaandika majibu yote kwa utaratibu, hatua baada ya hatua, ili anayeanza leo asikwame pale walipokwama wenzake.

Mwongozo huu unahusu kujaribu, si kusakinisha. Utaandika mfumo kwenye flashi, utawasha laptopu kutoka kwenye flashi hiyo, utafanya kazi zako za kawaida kwa siku kadhaa, na diski ya ndani haitaguswa mpaka utakapoamua mwenyewe. Ukizima na kuchomoa flashi, Windows yako itakuwa palepale ulipoiacha. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi waliopoteza nyaraka zao hawakuponzwa na Linux, bali na haraka ya kubofya kitufe cha kusakinisha saa moja tu baada ya kuuona mfumo kwa mara ya kwanza.

Mfumo ninaoutumia kama mfano ni antiX toleo la 23, mmoja wa mifumo ya Linux (mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows), ambao umejengwa juu ya mfumo mwingine wa Linux uitwao Debian 12. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, unatolewa kwa prosesa za biti 32, jambo ambalo sasa ni adimu: Lubuntu, mfumo mwingine mwepesi wa Linux, iliacha biti 32 tangu toleo la 19.04, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Pili, unaridhika na RAM ya MB 512, wakati vivinjari vya leo peke yake vinataka zaidi ya hapo. Puppy Linux nayo ni nyepesi sana, ila utaratibu wake wa kuhifadhi kazi umewachanganya watu wengi niliowasaidia, na kwa anayeanza siipendekezi.

Mashine niliyoifanyia majaribio ni ya inchi 10.1, yenye prosesa ya Intel Atom N455, RAM ya GB 1 na kioo cha nukta 1024 kwa 600.

Ijue mashine yako kabla ya kupakua chochote

Kosa la kwanza, na ndilo linalopoteza bando la watu wengi, ni kupakua faili lisilolingana na prosesa. Ukiwa ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha bonyeza Enter. Andika kwenye karatasi jina la prosesa na kiasi cha RAM.

Atom N270 na N280, zilizojaa kwenye laptopu ndogo za miaka ya 2008 na 2009, ni za biti 32 tu na haziwezi kuendesha mfumo wa biti 64 kwa namna yoyote. Atom N450, N455, N550 na N570 zinakubali biti 64. Hata hivyo, ikiwa RAM yako ni GB 1, chukua faili la biti 32 hata kama prosesa inakubali biti 64, kwa sababu programu za biti 32 hutumia RAM kidogo zaidi, na kwenye mashine kama hizi kila MB 50 inaonekana kwa macho. Mwenye RAM ya GB 2 au zaidi na prosesa ya biti 64 achukue faili la biti 64.

Natoa tahadhari moja mapema. Kama prosesa yako ni Atom N2600, N2800 au zile za Z520 na Z530, sehemu yake ya michoro ina asili ya PowerVR, ambayo haijawahi kupata msaada mzuri ndani ya Linux. Mfumo utawaka, lakini video zitakwama na kioo kinaweza kukosa vipimo sahihi. Jaribu ukipenda, ila usijilaumu wala usiulaumu mfumo.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Flashi ya GB 4 au zaidi, ambayo vilivyomo ndani yake vitafutwa vyote.
- Flashi ya pili ya GB 8 au zaidi, kwa ajili ya hatua ya 7. Unaweza kuianza kazi bila hiyo.
- Kompyuta nyingine ya kuandalia flashi, ikiwa laptopu ndogo ni ya polepole mno au ina Windows ya zamani. Programu ya Rufus, tutakayoitumia kuandika mfumo kwenye flashi, kuanzia toleo la 4 inahitaji Windows 8 au mpya zaidi. Mwenye Windows 7 atafute toleo la 3.22.
- Chaja. Betri za mashine hizi zimechoka, na umeme kukatika katikati ya kuandika flashi maana yake ni kuanza upya.
- Bando la kutosha. Faili la toleo kamili halizidi GB 2, lakini likikatika njiani bila programu ya kuendeleza upakuaji utalipia mara mbili.
- Simu ya Android na waya wake wa USB, kwa sababu nitakayoieleza.
- Nakala ya nyaraka zako muhimu, iliyohifadhiwa nje ya laptopu. Nimesema diski haitaguswa, na ni kweli, ila diski za umri huu hufa zenyewe bila kumngoja mtu.

Kuhusu flashi, niseme zaidi kidogo. Mitaani kuna flashi nyingi zilizoandikwa GB 64 ilhali ndani zina GB 8 tu. Zimechezewa ili zionyeshe ukubwa wa uongo. Ukiandika mfumo kwenye flashi ya namna hiyo, unaweza kufanikiwa mara ya kwanza, kisha data ikaanza kupotea mara tu unapovuka ukubwa wake halisi, nawe ukadhani Linux ndiyo mbovu. Kabla ya kuanza, ipime kwa programu ya H2testw ukiwa kwenye Windows, au kwa `f3` ukiwa kwenye Linux. Kipimo huchukua muda mrefu, pengine saa nzima, lakini ni bora saa moja ya kupima kuliko wiki ya kubahatisha.

Hatua ya 1: Pakua faili sahihi

Ingia kwenye tovuti ya mradi wa antiX, nenda sehemu ya kupakua, na uchague seva iliyo karibu nawe. Utakuta faili za aina nne: full, base, core na net. Chukua full, kwa sababu inakuja na Firefox, LibreOffice na zana zote za kujaribia. Aina za core na net zimekusudiwa wanaojenga mfumo wao kuanzia chini. Mgeni akiwasha mojawapo atakutana na kioo cheusi chenye maandishi na kudhani kimeharibika kitu.

Jina la faili lenye 386 ni la biti 32, na lenye x64 ni la biti 64. Vilevile utaona matoleo mawili, la sysVinit na la runit, yanayotofautiana katika namna ya kuanzisha huduma za ndani. Kama huna sababu ya kuchagua runit, chukua sysVinit.

Hatua ya 2: Hakiki faili ulilopakua

Pembeni mwa faili la mfumo kuna faili dogo lenye namba ya uhakiki ya SHA256. Ukiwa kwenye Windows, fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye faili hilo na uandike:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Kwenye Linux amri ni `sha256sum jina-la-faili.iso`. Linganisha namba utakayopewa na ile ya tovuti. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili limeharibika njiani, na hakuna ujanja mwingine ila kulipakua tena. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa inaonekana ya kitaalamu, kisha hupoteza siku mbili wakitafuta kosa kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya Windows).

Hatua ya 3: Andika mfumo kwenye flashi

Chomeka flashi, fungua Rufus, chagua flashi yako juu kabisa, kisha chagua faili la mfumo na ubofye kitufe cha kuanza. Rufus itakuuliza uandike kwa njia ya ISO au ya DD. Chagua DD, ambayo hunakili faili jinsi lilivyo na huniletea matatizo machache zaidi kwenye mashine za zamani.

Ukimaliza, Windows inaweza kusema kwamba flashi haisomeki na kukuomba uifomati. Kataa. Flashi ni nzima; Windows haielewi tu mpangilio wake mpya.

Anayetumia Linux aandike kwanza `lsblk` ili alitambue jina la flashi kwa ukubwa wake, kisha:

`sudo dd if=jina-la-faili.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Badala ya `sdX` weka jina halisi la flashi, kwa mfano `sdb`, bila namba mwishoni. Soma mstari huo mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa maana amri hii haiulizi chochote: ukiandika `sda`, huenda ukafuta diski ya kompyuta yenyewe.

Hatua ya 4: Zima Windows kikamilifu

Windows 8 na 10 hazizimi kabisa unapobofya kuzima. Huhifadhi sehemu ya hali yake ili ziwake haraka kesho. Hali hiyo ikibaki, kufungua diski yake ukiwa ndani ya Linux kunaweza kuharibu faili. Shikilia kitufe cha Shift wakati unabofya kuzima, na mashine itazima kweli. Wenye Windows 7 au XP wazime kwa kawaida, mradi tu wasiilaze.

Hatua ya 5: Washa laptopu kutoka kwenye flashi

Chomeka flashi mashine ikiwa imezimwa, iwashe, na papo hapo anza kugonga kitufe cha menyu ya kuwashia mara nyingi kwa haraka. Kwenye HP ni Esc kisha F9. Kwenye Dell, Lenovo na Toshiba kwa kawaida ni F12. Kwenye Asus ni Esc. Kwenye Acer ni F12 pia, lakini mara nyingi menyu hiyo imefungwa, hivyo ingia kwanza kwenye BIOS kwa F2 na uifungue. Menyu ikitokea, chagua jina la flashi.

Wenye Asus Eee PC wana kikwazo chao: kipengele kiitwacho Boot Booster hufupisha hatua ya kuwaka kiasi kwamba Esc haipati nafasi ya kusikika. Ingia kwenye BIOS kwa F2, kizime, hifadhi, kisha urudie.

Kwa laptopu za karibuni zaidi, zilizokuja na Windows 8 na kuendelea, zima Secure Boot (kinga inayozuia kuwashwa kwa mifumo isiyotambuliwa) ndani ya BIOS, kwa sababu antiX 23 haikubaliani nayo. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data ya diski, pata kwanza ufunguo wake wa kufungulia na uuandike mahali salama, maana mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya Windows iuombe.

Hatua ya 6: Ingia, ujizoeze mazingira

Katika menyu ya antiX, acha chaguo la kwanza na ubonyeze Enter. Usiguse chaguo la `toram` hata kama umesoma mahali kwamba linaongeza kasi: kazi yake ni kunakili mfumo mzima kwenye RAM, na mashine ya GB 1 haina nafasi hiyo.

Ukiulizwa jina la mtumiaji ni `demo` na nenosiri ni `demo`. Kwa kazi za msimamizi, mtumiaji ni `root` na nenosiri ni `root`. Menyu zitakuwa kwa Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na mpaka leo natamani kazi ya namna ile ifike kwenye kila menyu anayokutana nayo mgeni.

Eneokazi utakaloliona linaendeshwa na IceWM, programu nyepesi ya kupanga madirisha. Halina madoido, na hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kioo cha 1024 kwa 600 kina tabia ya kuficha vitufe vya chini vya madirisha marefu. Usihangaike, shikilia Alt, bofya popote ndani ya dirisha na ulivute juu, na kitufe cha kukubali kitajitokeza. Ndani ya Firefox, F11 hujaza kioo chote, na Ctrl pamoja na alama ya kutoa hupunguza ukubwa wa maandishi.

Sasa ni wakati wa intaneti. Jaribu Wi-Fi kwa ikoni ya mtandao iliyo pembeni ya mwambaa wa chini. Ikikataa, chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, na uwashe ushirikishaji wa intaneti kwa USB katika mipangilio ya simu. Karibu kila mara mfumo utaiona simu kama mtandao wa waya bila kusakinisha lolote, na kupitia hapo utaweza kutafuta dawa ya Wi-Fi yenyewe.

Hatua ya 7: Tengeneza flashi inayokumbuka

Flashi uliyoandika kwa njia ya DD haihifadhi mabadiliko. Kila ukizima, mfumo unarudi ulivyokuwa siku ya kwanza. Kwa jaribio la jioni moja inatosha. Kwa jaribio la wiki, ambalo ndilo lenye maana, unahitaji flashi ya pili.

Ukiwa ndani ya antiX, fungua kituo cha udhibiti, nenda sehemu inayoitwa Live, na ufungue Live USB Maker. Chomeka flashi ya pili, ichague kwa uangalifu kwa kuangalia ukubwa wake, na uamuru mfumo unaoendesha sasa unakiliwe humo. Kisha zima, chomoa flashi ya kwanza, na uwashe kutoka kwenye ya pili. Kwenye menyu ya kuwashia, fungua sehemu ya Persist, ambayo kwenye BIOS za zamani hupatikana kwa F5, na uchague `persist_static`.

Chaguo lina uzito hapa. `persist_root` na `persist_all` huweka mabadiliko ya mfumo kwenye RAM na kuyahifadhi unapozima, jambo linalofaa mashine yenye RAM nyingi. `persist_static` huandika moja kwa moja kwenye flashi. Ni ya polepole kidogo, lakini inaiacha RAM yako ndogo kwa ajili ya programu. Kwa GB 1, ndiyo pekee ninayoipendekeza. Usichomoe flashi hii kabla mashine haijazima kabisa, na ubadilishe nenosiri kwa amri ya `passwd` ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), kwa sababu `demo` inajulikana na kila mtu.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa kazi zako halisi

Hapa ndipo jaribio lenyewe lilipo, na hapa ndipo watu wengi hutumia dakika tano tu: wanafungua menyu, wanasifu kasi, wanasakinisha, na baada ya siku tatu wanagundua kwamba sauti haitoki kwenye spika. Itumie mashine kwa kazi ambazo ungezifanya kweli: fungua nyaraka zako za Word ndani ya LibreOffice na utazame kama majedwali yamekaa sawa, chapisha ukurasa mmoja, jaza fomu moja ya mtandaoni, cheza wimbo, washa kamera. Funga kifuniko mashine ilale, kisha kifungue uone kama inaamka na kama Wi-Fi inarudi yenyewe. Jaribu vitufe vya mwanga na vya sauti.

Ukitaka kujua hali ya RAM, fungua terminali na uandike `free -h`. Kwenye mashine yangu, mara baada ya kuingia, matumizi huwa chini ya MB 300. Fungua Firefox na tovuti moja ya habari, uandike amri hiyo tena, na utaona namba imepanda sana. Hilo ndilo jambo ninalotaka kila msomaji alielewe kabla ya kuamua: mfumo mwepesi hauifanyi tovuti nzito kuwa nyepesi. antiX inaondoa mzigo wa Windows, lakini WhatsApp ya kwenye kivinjari ni ileile, na kurasa zenye matangazo mengi ni zilezile. Kwa RAM ya GB 1, tegemea vichupo viwili au vitatu kwa raha, na video kwa ubora wa 360p; ukidai 720p kutoka kwa Atom yenye kiini kimoja, picha itakatika. Kwa kuandika, kusoma PDF, kutuma barua pepe na kumfundisha mtoto kutumia kibodi, mashine hiyohiyo inafanya kazi vizuri, nami naifurahia kila ninapoiona ikirudi mezani badala ya kutupwa.

Usihukumu kasi ya kufungua programu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa inasomwa kutoka kwenye flashi kupitia USB 2.0. Ifunge, uifungue tena. Mara ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na hali ya diski.

Pima na betri. Andika:

`grep . /sys/class/power_supply/BAT*/*full*`

Utaona kiasi cha chaji kilichokusudiwa kiwandani na kiasi ambacho betri inaweza kubeba sasa. Kama cha sasa hakifiki hata nusu, usiulaumu mfumo kwa chaji kuisha mapema.

Hatua ya 9: Amua

Baada ya wiki utakuwa na jibu lako. Ukitaka kusakinisha, hamisha kwanza nyaraka zote nje, chomeka chaja, na ufungue ikoni ya kisakinishi iliyo kwenye eneokazi. Chaguo la kutumia diski nzima linafuta Windows na vyote vilivyomo; asiyetaka hivyo achague kupanga sehemu mwenyewe, au aendelee tu na flashi, maana hakuna anayelazimishwa. Kwenye laptopu zenye hifadhi ya eMMC (chipu iliyo kwenye bodi badala ya diski ya kawaida), diski ya ndani huitwa `mmcblk0` na si `sda`, na `sda` inaweza kuwa flashi yako.

Wenye prosesa za biti 32 wapime jambo moja zaidi. Mozilla ilitangaza mwaka 2025 kwamba Firefox 144 ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32, na Chrome iliacha tangu 2016. Kwa kazi za nje ya mtandao mashine hizo zina miaka mbele yake, lakini kwa mambo ya benki na barua pepe nisingezitegemea kwa muda mrefu.

Kabla ya kutumia fedha nyingine yoyote, tazama kama RAM inaweza kufikishwa GB 2. Kumbuka kwamba N455 hutumia DDR3 wakati N270 na N450 hutumia DDR2, na hazibadilishani.

Matatizo yanayojirudia na dawa zake

*Flashi haionekani kwenye menyu ya kuwashia.* Ihamishe kwenye tundu jingine la USB na uwashe upya ikiwa tayari imechomekwa. Ikiwa bado, hakikisha Secure Boot imezimwa, na uijaribu flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine ili ujue kosa liko upande gani.

*Unapata ujumbe kwamba kernel inahitaji prosesa ya x86-64 lakini imeikuta i686.* Umepakua faili la biti 64 kwa prosesa ya biti 32. Rudi hatua ya 1.

*Kioo kinabaki cheusi baada ya menyu.* Washa upya na uchague chaguo la video salama kwenye menyu ya antiX, au uongeze neno `nomodeset` kwenye mstari wa chaguo za kuwashia.

*Wi-Fi haionekani kabisa.* Laptopu nyingi za wakati ule zina swichi ndogo ya Wi-Fi ubavuni, na imeshanitokea kumhangaikia mtu kwa saa nzima kumbe swichi imezimwa. Kisha andika `rfkill list` uone kama imefungiwa. Kama imefunguliwa na bado haifanyi kazi, andika `lspci | grep -i network` upate jina la kadi. Kadi za Broadcom ndizo husumbua zaidi, na nyingi huhitaji kupakuliwa faili zake kupitia simu kama nilivyoeleza.

*Mtandao upo, lakini kila tovuti inasema si salama.* Tazama saa na tarehe. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye bodi ikifa, mashine hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa, na vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa kwa kuwa kwa mujibu wa saa hiyo bado havijaanza kutumika. Rekebisha kwa `sudo date -s "2026-01-15 10:30"` ukiweka tarehe na saa ya kweli, kisha ubadilishe betri hiyo, ambayo mafundi wengi wa saa na kompyuta wanayo.

*Hakuna sauti.* Andika `alsamixer` kwenye terminali. Safu yenye herufi MM chini yake imenyamazishwa. Isogelee kwa mishale, bonyeza M, kisha pandisha kwa mshale wa juu.

*Kila kitu kinaganda, taa ya diski au flashi inawaka mfululizo.* RAM imejaa. Subiri dakika moja au mbili kabla ya kuzima kwa nguvu, kisha funga vichupo. Ikijirudia kila siku, punguza unachofungua kwa wakati mmoja, au ongeza RAM.

*Mashine inazima ghafla baada ya nusu saa, iwe kwenye Windows au kwenye antiX.* Hilo ni joto. Fungua kifuniko cha chini, safisha vumbi kwenye feni kwa brashi laini, badilisha ukoko mkavu wa dawa ya joto juu ya prosesa, na usiiweke juu ya godoro au kitambaa wakati inafanya kazi.